Umeme wa karibu: mitandao midogo ya umeme katika muji wa Goma

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kupata hapa mafasirio ya Maandiko Matakatifu, mambo ya Liturjia na mashauri ya kazi ya parokia. Labda watashangaa kuona leo habari ya nyaya, ya batri na ya mapoto. Lakini siku si nyingi museminari mumoja, anayejitayarisha kwa ushemasi, alituuliza hivi: kama akitumwa kesho katika parokia isiyo na umeme, na wafazili wakimupa feza kidogo, je, anunue grupe na mafuta kwa nyumba ya mapadri, ao kuna njia nyingine iliyo bora?

Tulizani tunaweza kumujibu kwa maneno mawili, tukashindwa. Maana swali lake linagusa kazi ya mafundi, linagusa historia ya muji wetu wa Goma, na linagusa tena mafundisho ya Eklezia juu ya maisha ya jamii. Basi tunajaribu kulijibu hapa polepole. Sisi si fundi wa umeme. Tunaandika kama mapadri wanaokaa kati ya watu, waliozoea kusoma Masifu ya jioni kwa mushumaa, na ambao zaidi ya mara moja wameitwa usiku kumupa mugonjwa Mupako katika chumba ambamo uso wake hauonekani.

I. UMEME UNAOTOKA MBALI

Umeme una tabia moja ambayo wengi hawaifikiri: hauwekwi galani sawasawa na mahindi. Kila dakika, umeme unaotengenezwa sherti uwe sawa na umeme unaotumiwa. Mama akiwasha ampule yake pale Katindo, pahali fulani turbini inapashwa kusukumwa na maji kwa nguvu zaidi kidogo, palepale. Watu wakiwasha vitu kupita nguvu ya mashini, mwendo wa mashini unapungua, kisha chombo cha kulinda kinakata yote ili kitu kisiungue. Tunapolalamika kwamba "moto umekwenda", mara nyingi sababu ni moja katika hizi mbili: ao mashini hazitoshi kwa watu, ao njia ya nyaya imevunjika.

Zamani wakubwa wa inchi nyingi walifikiri dawa ni moja tu: kujenga mutambo mukubwa sana kwenye maporomoko ya muto mukubwa, kisha kuvuta nyaya mpaka miji ya mbali. Inchi yetu ilifanya vile. Mutambo wa Inga I ulianza kazi mwaka 1972, na Inga II mwaka 1982. Toka Inga nyaya zilivutwa mpaka Katanga, mwendo wa kilomita 1700 hivi, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Njia ile inapita juu ya vijiji vingi. Lakini umeme wake ni wa nguvu sana na wa namna ya pekee. Hauwezi kushushwa kijijini pasipo mitambo ya bei gali mno. Kwa hiyo watoto walizaliwa chini ya nyaya zile, wakakua, wakaoa, wakazeeka, na jioni wanawasha kibatari.

Kwetu Goma umeme wa Inga haukufika. Sisi tulitazama upande wa Bukavu, pahali muto Ruzizi unapotoka katika ziwa Kivu. Mutambo wa kwanza wa Ruzizi ulijengwa mwaka 1958, wenye nguvu ya megawati 30 hivi. Ule wa pili ulimalizika mwaka 1989, nao ni mali ya inchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Toka kule nyaya zinafuata ziwa, zinapanda na kushuka milima, ndipo zinafika Goma mikononi mwa SNEL, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1970.

Mitambo hii ilipofikiriwa, Goma ilikuwa muji mudogo wa pembeni ya ziwa. Leo ni muji wa watu zaidi ya milioni moja. Vita vya vijijini viliwasukuma watu huku mwaka kwa mwaka. Wengine walikuja na godoro kichwani, hawakurudi tena. Nyaya hazikuzaa watoto sawasawa na watu. Umeme ule ule uligawanywa, ukagawanywa tena, mpaka kartiye nyingi zilipata saa chache tu kwa juma, na nyingine hazikupata hata poto moja.

Matunda ya upungufu huu tunayajua. Mwenye duka ananunua grupe, na faida yake inaliwa na mafuta. Mushonaji anaacha kazi jua likishuka. Chanjo zinaharibika katika firigo la dispensari. Na jikoni ni makala tu. Makala yale yanatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka katika misitu ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na biashara yake inalisha pia watu wenye silaha. Kwa hiyo gunia la makala linalofika Goma, mara nyingine limelipiwa mara mbili: kwanza kwa feza ya mama, kisha kwa machozi ya wanakijiji.

II. MULANGO UNAFUNGULIWA

Tarehe 17 Juni 2014 ilitiwa sahihi sheria namba 14/011 juu ya kazi ya umeme. Mbele ya sheria ile, kwa kweli SNEL peke yake ilihesabiwa kuwa na kazi ya kutengeneza na kuuza umeme. Sheria mupya ilifungulia wengine mulango: makampuni, mashirika na jimbo zenyewe, kama wakipata ruhusa na wakifuata masharti.

Katika Kivu ya Kaskazini watu hawakukawia. Hata mbele ya sheria, mwaka 2013, Parke ya Virunga ilikuwa imeanza kutumia maji yanayoshuka kutoka Ruwenzori, pale Mutwanga, kwa mutambo mudogo wa kilowati 400 hivi. Kwa muji mukubwa si kitu. Kwa kituo kile ilikuwa asubuhi mupya. Mwezi wa Desemba 2015 ukazinduliwa mutambo wa Matebe, juu ya muto Rutshuru, wenye megawati 13 hivi. Umeme wake ulianza kuangaza Rutshuru, kisha nyaya zikashuka mpaka Goma, chini ya jina la Virunga Energies.

Wengine wakashika njia ya jua. Kampuni iliyoitwa kwanza Kivu Green Energy, na leo inaitwa Nuru, iliweka mwaka 2017 mutandao mudogo wa jua katika muji wa Beni. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ikafungua kituo kikubwa zaidi hapa Goma, katika kartiye ya Ndosho, upande wa mangaribi wa muji: mapano ya jua yenye nguvu ya megawati 1,3, pamoja na batri na grupe la kusaidia. Wakati ule kilikuwa kati ya vituo vikubwa kabisa vya namna ile katika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara. Wanaopita Ndosho wanajua kwamba ni kartiye ya watu wa kawaida: soko, malewa, wasukuma chukudu, fundi wa kuchomelea vyuma. Mbele ya hapo nani angefikiri kwamba jambo la namna ile lingeanzia kwao?

III. MUTANDAO MUDOGO NI NINI?

Mutandao mudogo ni umeme unaotengenezwa, unaogawanywa na unaosimamiwa pahali pamoja: kartiye, kijiji, hospitali, misioni. Si jambo lisilojulikana zamani. Thomas Edison alipoanza kuuza umeme katika New York, mwaka 1882, aliangaza kata moja tu ya muji, na mashini zilikuwa palepale kati ya nyumba. Mitandao mikubwa ilikuja baadaye. Tunaweza kusema kwamba umeme ulizaliwa mudogo.

Tuangalie viungo vyake, kimoja kimoja, kwa mufano wa ule wa jua.

Kwanza, chanzo. Mapano yanapokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme wa mwendo mumoja, ule ule wa batri ya tochi.

Pili, akiba. Kwa kuwa jua linakwenda kulala saa ile ile watu wanapotaka kuwasha ampule, sherti umeme wa mchana uwekwe katika batri. Kiungo hiki ndicho cha bei gali na chenye kuzeeka upesi kuliko vyote.

Tatu, chombo ambacho fundi wetu wanakiita ondilere. Kinageuza umeme wa mwendo mumoja kuwa umeme wa mwendo wa kwenda na kurudi, wa volti 220, unaofaa kwa vyombo vya nyumbani. Kinachunga pia usawa ule tuliousema, kati ya umeme unaoingia na unaotoka.

Nne, grupe la mafuta, la kusaidia siku za mawingu mazito. Hapa Goma, katika majira ya mvua, siku za namna ile si haba.

Tano, mapoto, nyaya na kontere. Kontere za sasa ni za kulipa mbele: mutu anatuma feza kwa telefoni, anapewa umeme wa kiasi kile, ukiisha, unakatika wenyewe. Hakuna mukaguzi wa kugombana naye mulangoni.

Mutandao ulio na viungo hivi unaweza kufungwa pamoja na mutandao mukubwa, na kusaidiana nao. Lakini siku mukubwa unapoanguka, mudogo unaweza kujitenga na kuendelea peke yake, sawasawa na kisiwa katikati ya ziwa. Mufano unaojulikana ni wa Sendai, katika inchi ya Japani. Tetemeko kubwa la tarehe 11 Machi 2011 lilipoangusha umeme wa jimbo lile, mutandao mudogo uliokuwa kwenye chuo kikuu kimoja cha pale uliendelea kuhudumia hospitali iliyofungwa nao, wakati muji mwote ulikuwa gizani. Mezali ya wazee wetu inasema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana mapadri wengi wanadanganyika kwa kukosa kuhesabu. Megawati 1,3 ni kilowati 1300. Tuseme kwamba kwa siku nzima jua linatupa mwanga unaolingana na saa 4 za jua kali kabisa. Tutapata 1300 mara 4, ni kusema kilowati-saa 5200 kwa siku. Nyumba inayowasha ampule tano, redio, televisheni na telefoni inaweza kutosheka na kilowati-saa 1. Basi kituo kile, tukiacha kando umeme unaopotea njiani, kingetosha nyumba 5000 hivi. Lakini mama wa nyumba akipika kwa sahani ya umeme ya wati 1500, kwa saa 3, ametumia kilowati-saa 4 na nusu kwa chungu peke yake. Nyumba zote zikifanya vile, kituo hakitoshi hata nyumba 1000. Neno hili litukumbushe: mutandao mudogo wa jua unaweza kufukuza giza, unaweza kuendesha cherehani, mashini ya kusaga, firigo la dawa na pompi ya maji. Kufukuza makala jikoni ni kazi nyingine. Hiyo inaomba zaidi nguvu ya mito.

IV. KOSA LETU WENYEWE

Hapa tunaungama kosa moja, ili wadogo wetu wasilirudie. Katika parokia tuliyokuwa zamani, tulipata mapano manne na batri nne za risasi. Tuliziweka juu ya nyumba ya mapadri. Tulifurahi kama watoto. Juma la kwanza tuliwasha ampule tu. Juma la pili tuliongeza firigo. Kisha walimu wakaleta telefoni zao, halafu wanakwaya, halafu jirani wote. Nasi hatukuweza kuwafukuza, kwa maana walikuwa na haki ya kuona kwamba nyumba ya padri inawaka na yao iko giza.

Hatukujua kwamba batri ya namna ile haipashwi kunyonywa kupita nusu kila siku. Tuliinyonya mpaka mwisho kila usiku. Haikumaliza hata miaka miwili. Batri zilikufa zote nne, feza ya kununua nyingine haikuwako, kwa sababu hakuna mutu aliyekuwa amelipa kitu, na sisi hatukuwa tumemuomba mutu kitu. Mapano yalibaki juu ya mabati, mazima kabisa, bila kazi. Kila mara tulipoyatazama tulikumbuka kwamba tulitaka kutoa zawadi, na kwa kweli tulitaka kwanza mwanga wetu wenyewe.

Fundi mumoja alitufungua macho. Alituonyesha kwamba kama tungeanza na majirani ishirini, kila mumoja akitoa kidogo tu kwa mwezi, na firigo la padri likihesabiwa na kulipiwa sawasawa na la wengine, mufuko ungekuwa na feza ya batri mbele ya batri kufa. Hakukosa mapano, ilikosekana sheria ya nyumba. Siku hizi batri za litiumu zinavumilia kuliko zile za risasi, lakini nazo zinazeeka. Hakuna batri inayoponya ukosefu wa mapatano.

V. MWEZI WA JANUARI 2025

Watu wa Goma hawana lazima ya kufundishwa hatari ya njia moja tu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika. Moto wake ulikata barabara ya kwenda Rutshuru, ukaharibu tangi na mabomba ya maji, na sehemu kubwa ya muji ikabaki bila maji ya kunywa. Lakini somo kubwa zaidi lilikuja mwisho wa Januari 2025, wakati vita vilipofika mpaka ndani ya muji, na muji ukaanguka mikononi mwa M23.

Katika mapigano yale, nyaya zinazoleta umeme Goma zilikatwa. Pompi zinazopandisha maji kutoka ziwani zikasimama. Watu maelfu wakashuka na bidoni kuchota maji ya ziwa jinsi yalivyo, na kila mutu alijua kwamba kolera inaweza kufuata. Hospitali zilijaa wenye majeraha ya risasi, nazo zilipashwa kuhesabu litri za mafuta ya grupe. Mitambo ya mbali haikuwa na kosa: maji yalizidi kushuka, turbini zilikuwa tayari kuzunguka. Njia tu ilikatika, na muji mwote ukajua kwamba ulikuwa umefungwa kwa uzi mumoja.

Katika siku zile, nyumba iliyokuwa na pano moja na batri moja iligeuka kuwa nyumba ya wote. Watu walikuja pale kuchaji telefoni, ili wasikie kama mutoto aliyekimbilia Bukavu ao Gisenyi yuko muzima. Ni jambo dogo kwa macho ya ulimwengu. Aliyengojea sauti ile ya mutoto wake anajua kama lilikuwa dogo.

Basi hatusemi kwamba mitambo mikubwa ni kitu kibaya. Bila Matebe na Ruzizi, Goma haiwezi kuishi. Tunasema tu kwamba pompi ya maji, materniti na chumba cha upasuaji havipashwi kutegemea uzi mumoja. Pahali pale sherti pawe na umeme wa karibu, unaoweza kusimama peke yake siku njia inapokatika.

VI. MASHAKA YANAYOSTAHILI JIBU

Wengine wanasema: umeme wa mitandao midogo ni gali kuliko wa SNEL. Mara nyingi ni kweli, kama tukilinganisha bei ya kilowati-saa peke yake. Watu wachache wanapaswa kulipa mapano, batri na fundi. Lakini ulinganishe na nini? Umeme wa bei ndogo usiofika hausagi unga. Wenye kukosa umeme wanalipa tayari: mushumaa, batri za tochi, petroli, feza ya kuchaji telefoni kwa mutu. Aliye masikini ndiye anayelipa mwanga kwa bei gali kuliko wote.

Wengine wanasema: hii ni kazi ya serikali, tukiifanya sisi, serikali italala. Shaka hili lina nguvu. Kazi ya serikali haikufutwa na sheria ya 2014: inapashwa kutoa ruhusa, kuangalia bei, kulinda mulipaji. Mwenye mutandao peke yake katika kartiye ni sawasawa na mwenye kisima peke yake jangwani. Anahitaji mutu wa kumuangalia. Wakristu wasiache kuiomba serikali haki yao. Lakini mama anayezaa usiku huu hawezi kungoja.

Shaka la tatu ndilo linalotuumiza zaidi. Kila mutandao una poto la mwisho. Nyumba iliyo mbele ya poto lile inawaka; ile iliyo nyuma yake inatazama. Na hata chini ya nyaya, kontere ya kulipa mbele haijui huruma: feza ikiisha saa nne ya usiku, mujane na mutoto wake mugonjwa wanabaki gizani palepale. Katika jambo hili mashini haina jibu. Jibu linapatikana kwa watu: bei ndogo kwa kilowati za kwanza, mufuko wa kartiye kwa wajane na wagonjwa, na ampule za njia na za materniti zilipiwe na wote.

VII. ELKEZIA INASEMA NINI?

Wanaosoma Teolojia ya maadili wanaijua kanuni ya subsidiaritas. Papa Pio XI aliieleza katika barua yake Quadragesimo anno, mwaka 1931: kazi ambayo jamii ndogo inaweza kuifanya yenyewe, jamii kubwa isiinyanganye, jamii kubwa isaidie pale nguvu za ile ndogo zinapokoma. Tunaona kwamba mutandao mudogo ni kanuni hii iliyovaa nyaya. Kartiye inafanya inachoweza. Muji na jimbo vinasaidia. Mutandao mukubwa unaleta ile nguvu ambayo mudogo hauwezi kuipata. Papa Yohane XXIII, katika Mater et magistra, mwaka 1961, alihimiza kwamba huduma za lazima zifike pia mashambani, ili watu wa vijijini wasihesabiwe kuwa raia wa chini. Na Papa Fransisko, katika Laudato si', mwaka 2015, namba 179, alisifu vyama vya ushirika ambavyo watu wa pahali wanatengeneza umeme wao wenyewe kwa nguvu zisizokwisha, hata wanauza unaobaki. Mwezi wa Juni 2024 aliagiza tena kituo cha jua kijengwe pale Santa Maria di Galeria, karibu na Roma, kwa mahitaji ya Vatikano.

Tusifikiri kwamba ni mambo ya Roma tu. Katika Tanzania ya kusini, karibu na Songea, masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mutambo wa maji pale Tulila, juu ya muto Ruvuma. Ulianza kazi mwaka 2015, wenye nguvu ya megawati 5, na umeme wake unauzwa kwa TANESCO, shirika la umeme la inchi ile. Masista ambao mbele walikuwa wanahesabu litri za mafuta, leo wanahesabu umeme wanaouzia wengine.

VIII. JIBU KWA MUSEMINARI WETU

Basi, ndugu yetu, ukifika katika parokia yako, usikimbilie duka la grupe. Fanya kwanza mambo haya.

Tembea usiku. Angalia nani anakesha gizani kwa lazima: materniti, mulinzi wa wagonjwa, mwanafunzi wa mtihani wa serikali, mama wa mikate. Andika majina ya kazi zao, si ya matakwa yako.

Uliza kama kuna mutandao ulio karibu, wa SNEL, wa Virunga ao wa jua, na kama poto lake la mwisho linaweza kusogezwa mpaka kwenu. Kuongeza poto tano ni kazi ndogo kuliko kuanza upya.

Kama hakuna, kusanya watu mbele ya kukusanya feza. Chagueni baraza, na padri asiwe mwekaji wa sanduku. Wekeni bei ambayo muuza makala anaweza kuilipa, na mukate sehemu yake kila mwezi kwa ajili ya batri zijazo. Sehemu ile isiguswe hata kwa sikukuu ya parokia, hata askofu akija.

Tuma vijana wawili wajifunze ufundi. Mapano yaliyokufa katika jimbo zetu hayakuuawa na jua. Wengi wanajua kwamba yaliuawa na skuru moja iliyolegea, ambayo hakuna mutu aliyejua kuikaza.

Mwisho, nyumba ya mapadri ipate kontere sawasawa na nyumba nyingine, na padri alipe. Ikiwezekana, iwe ya mwisho kufungwa nyaya, nyuma ya materniti, nyuma ya pompi, nyuma ya masomo. Tunajua kwamba usiku wa kwanza utakuwa mugumu, utakaposoma Brevyari kwa mushumaa na kuona dirisha la jirani linawaka. Siku ile ukumbuke mapano yetu manne juu ya mabati, kisha ulale kwa amani.